Mapigo 150, hayayumbi hata kidogo. Ni SVT, ni flata, au ni homa tu?

#1 Kanula_Ishirini
Wakuu salaam. Niko mwaka wa pili uuguzi, nipo mazoezi ya wodini. Juzi zamu ya usiku tulipokea mama wa miaka 68, amechoka, anakohoa, joto 38.2, presha 118/70, anaongea vizuri tu. Tukamwekea monita: mapigo 150. Nikajua akitulia yatashuka. Nusu saa nzima nimesimama pale, namba ni 150, 149, 150, 150, 151. QRS (wimbi refu la chemba za chini) nyembamba, umbali kati ya pigo na pigo ni miraba mikubwa miwili kamili. Wimbi la P, lile la chemba za juu, silioni, au naliona kwa kulitaka.

Sisi wanafunzi wanne tulisema SVT, yaani mapigo ya mbio yanayoanzia juu ya chemba za chini. Sista wa zamu akatupia jicho mara moja, akasema "hiyo ni flata mpaka mnithibitishie si yenyewe," akaendelea kugawa dawa. Daktari akasema ni mwili unapambana na homa, mpeni maji na dawa ya kushusha joto. Kabla hatujajua mwisho wake mama akahamishiwa wodi nyingine. Mgonjwa mmoja, majibu matatu. Nani yuko sahihi? Wiki ijayo tuna mtihani wa mapigo yasiyo ya kawaida na nimegundua nimekariri picha tu, sijaelewa kitu.

#2 Zamu_ya_Usiku
150 isiyoyumba ni flata. Sista amemaliza. Kalale.

#3 Bakora
SVT hiyo, mbona mnazunguka. Sindano ya adenosini, dakika moja, kila mtu arudi kwenye kazi yake.

#4 MamaWodi
#2 na #3 mnajibu kama mnapiga ramli.

Mwanangu Kanula, acha majina kwanza. Moyo una wakubwa wake kwa ngazi. Wa kwanza ni nodi ya SA, iko chemba ya juu upande wa kulia, yeye huamuru mara 60 mpaka 100 kwa dakika. Akinyamaza, eneo la nodi ya AV, lango kati ya chemba za juu na za chini, linashika usukani kwa 40 mpaka 60. Hao nao wakinyamaza, ventrikali, chemba za chini, zinajitegemea kwa 20 mpaka 40, na hapo ndipo unaona QRS pana na mgonjwa aliyepauka. Kila karatasi unayopewa jiulize mawili: nani anaendesha, na amri yake inafika chini? Mengine yote ni matawi ya hayo mawili.

Kwa huyo mama wenu swali ni la kwanza tu. Amri zinafika, ila hatujui nani anazitoa. Na ninafurahi umetaja presha na kwamba anaongea. Wengi hapa wangeanza na picha.

#5 Mjukuu_wa_Einthoven
Nyongeza ya hesabu, maana hapa hesabu ndiyo inayochongea. Karatasi inatembea milimita 25 kwa sekunde. Mraba mdogo ni sekunde 0.04, mkubwa ni 0.20. Gawa 300 kwa miraba mikubwa kati ya R na R (vilele vya QRS): miwili, unapata 150. Sawa.

Sasa flata. Atiria, chemba ya juu, inazunguka umeme kama gari kwenye mzunguko wa barabara, kiasi cha mara 300 kwa dakika. 300 kwa dakika ni wimbi moja kila mraba mkubwa. Nodi ya AV haiwezi kupitisha yote, inapitisha moja kati ya mawili. 300 kwa mbili ni 150. Kwa hiyo kati ya QRS na QRS kulikuwa na mawimbi mawili, moja limejificha ndani ya QRS au kwenye T (wimbi linalofuata QRS), jingine ndilo "unaliona kwa kulitaka". Ukiona kitu kama P katikati kabisa ya QRS mbili, shuku kuna mwenzake kajificha. Tazama mistari ya II, III, aVF na V1. Ukishindwa, geuza karatasi kichwa chini, meno ya msumeno yanajitokeza.

#6 Bakora
Kugawa 300 kwa miraba nilifundishwa ni miraba midogo. Na huyo Einthoven ni babu yako wa upande gani?

#7 Mjukuu_wa_Einthoven
Midogo unagawa 1500, Bakora. Ukigawa 300 kwa midogo huyo mama angekuwa na mapigo 30 na nyie mngekuwa mnambonyeza kifua (CPR) huku anawatazama.

Babu alikuwa Mholanzi, alipata Nobel mwaka 1924 kwa mashine ya ECG, inayochora umeme wa moyo. Herufi P, Q, R, S, T ni zake. Mashine yenyewe ilikuwa na uzito wa zaidi ya kilo 250, na mgonjwa aliweka mikono na mguu kwenye ndoo za maji ya chumvi. Wewe unalalamika elektrodi hazishiki.

#8 DaktariKivuli
Ngoja nimtetee daktari wa zamu kabla hamjamzika. Kasi ya juu ya moyo tunakadiria kwa 220 kutoa umri. 220 kutoa 68 ni 152. Maana yake nodi ya SA ya mama huyu inaweza kufika 150. Ana homa, anakohoa, huenda hajanywa maji siku mbili, huenda oksijeni iko chini. Kwa mapigo hayo P huwa inapanda juu ya T ya pigo lililotangulia, huioni, halafu mnasema "haina P". Moyo kwenda mbio kwa sababu ya ugonjwa mwingine ndiyo sababu ya kawaida kuliko zote wodini. Ukimpa dawa ya kupunguza kasi mtu ambaye moyo unakimbia kumwokoa, umemkata mguu katikati ya mbio.

#9 Zamu_ya_Usiku
Mkuu #8 heshima kwako, lakini 152 ni kadirio la mtu anayepanda kilima mbio, si la bibi aliyelala kitandani anaongea vizuri. Homa inaongeza takriban mapigo 10 kwa kila nyuzi moja. 38.2 imekupa kumi na kitu. Mengine yametoka wapi? Halafu moyo unaoendeshwa na SA huwa unayumba: akikohoa unapanda, akipumzika unashuka, 138, 146, 141. Huyu kapigiliwa misumari.

#10 DaktariKivuli
Nimekwambia maji na oksijeni, umeshika homa peke yake. Na kadirio lile lina mtawanyiko wa mapigo kumi na zaidi juu na chini. Ila kuhusu misumari nakupa nusu alama.

#11 Pachika_Elektrodi
Naomba niulize kabla hatujaenda mbali, waya mliunganisha vipi? Maana nilishaona mwanafunzi kaweka nyekundu mguuni. Nyekundu ni mkono wa kulia jamani.

#12 Bakora
Nyekundu ni mguu wa kushoto. Usipotoshe watoto.

#13 Pachika_Elektrodi
Mkono wa kulia. Nimefanya miaka sita.

#14 Bakora
Basi miaka sita umekosea.

#15 FundiMonita
Mnagombana na wote mko sawa. Kuna mifumo miwili. Wa Ulaya: nyekundu mkono wa kulia, njano mkono wa kushoto, kijani mguu wa kushoto, nyeusi mguu wa kulia. Wa Marekani: nyeupe mkono wa kulia, nyeusi mkono wa kushoto, nyekundu mguu wa kushoto, kijani mguu wa kulia. Hospitali ikipata mashine kutoka pande zote mbili, wodi moja unakuta mifumo yote. Usisome rangi, soma herufi kwenye kichwa cha waya. R, L, F, N ni ya Ulaya. RA, LA, LL, RL ni ya Marekani.

#16 Kanula_Ishirini
Aisee. Yetu ilikuwa na nyeupe, na mwenzangu alikuwa anaimba "nyekundu, njano, kijani, kama taa za barabarani". Kwa hiyo tunaweza kuwa tulichanganya?

#17 Mjukuu_wa_Einthoven
Mkichanganya waya za mikono na miguu mawimbi yanageuka, P inaweza kuonekana imepinduka au kupotea kwenye mstari fulani. Lakini kasi haibadiliki na V1 haibadiliki kwa kiasi cha kukudanganya. 150 inabaki 150. Mliwahi kubandika za kifuani?

#18 Kanula_Ishirini
Hapana mkuu. Mstari wa II tu kwenye skrini.

#19 Mjukuu_wa_Einthoven
Basi mmekuwa mkitazama nyumba kupitia tundu la funguo. Monita ni ya kukuambia kuna jambo. ECG ya mistari 12 ndiyo inayokuambia ni jambo gani. Kosa lenu kubwa usiku ule ni hilo, wala si kuchagua jina.

#20 Bakora
Narudi kwenye hoja yangu. Adenosini ingemaliza ubishi wote. Ikiwa ni SVT inakata. Ikiwa ni flata inafunga nodi ya AV sekunde chache, msumeno unaonekana wazi. Ikiwa ni SA inapungua kidogo kisha inarudi. Dawa na kipimo kwa sindano moja.

#21 MamaWodi
Safari hii Bakora kasema la maana, sherehe ifanyike. Ila usiitaje kama pipi. Miligramu 6, mshipa mkubwa karibu na kiwiko, inasukumwa kwa kishindo na maji ya chumvi mililita 20 nyuma yake bila kupumua, mkono juu. Ikishindikana 12. Dawa inakufa kwenye damu ndani ya sekunde 10, ukiisukuma taratibu kwenye kanula ya kiganjani haifiki. Mgonjwa mwambie mapema: utahisi kama unakufa, kifua kitabana, itapita. Usipomwambia hatakusamehe. Difibrileta iwe kando yake, karatasi ya ECG iwe inatoka MUDA WOTE, maana mkikosa zile sekunde mmemtesa bure. Mwenye pumu, kaa mbali. Na kama mapigo ni ya ovyo ovyo tena QRS pana, usiguse kabisa: mwenye njia ya pembeni kati ya atiria na ventrikali anaweza kuangukia VF, ventrikali kutetemeka tu bila kusukuma damu.

Kabla ya sindano kuna kupuliza. Mgonjwa apulize sirinji ya mililita 10 kwa sekunde 15 akiwa amekaa nusu, halafu mlaze chali haraka na kumnyanyua miguu sekunde 15. Utafiti wa Uingereza wa 2015 ulionyesha njia hiyo ilirudisha mapigo ya kawaida kwa 43 kati ya 100 wenye SVT, ile ya zamani 17 tu. Haina gharama na haina madhara ya maana.

#22 Chozi_la_Iodini
Mimi naogopa hata kuisoma hiyo #21. Kuna mara mstari ulinyooka sekunde tano baada ya adenosini, mimi ndiye niliyekuwa nimeshika sirinji. Sekunde tano zile nimeishi miaka mitatu. Mgonjwa akaamka akauliza "mbona unalia?"

#23 Zamu_ya_Usiku
Hahaha jina lako limetimia.

#24 Kuku_wa_Zamu
Mstari ukinyooka si unamshtua na umeme?

#25 MamaWodi
Hapana! Hiyo ni ya kwenye filamu. Moyo ulionyooka huna cha kuushtua. Umeme hauwashi moyo, unauzima kwa sekunde moja ili fujo itulie na mkubwa wa kweli ashike usukani. Kama hakuna fujo, unazima nini? Kwa asiye na mapigo unashtua VF na VT (ventrikali zinakimbia zenyewe), basi. Mstari ulionyooka, au umeme unaonekana vizuri lakini mapigo shingoni hakuna: CPR, kubonyeza 100 mpaka 120 kwa dakika, adrenalini miligramu 1 kila dakika 3 mpaka 5, na kutafuta chanzo. Mstari ukinyooka, mguse mgonjwa kwanza. Kama anaongea na wewe, waya umechomoka.

#26 FundiMonita
Hilo la waya halichekeshi. Nilishaona timu nzima inakimbia na toroli kwa sababu skrini inaonyesha VT. Kufika, mzee anapiga mswaki. Mkono ukisugua elektrodi kifuani unatoa VT safi kabisa kwa macho. Ukitazama vizuri unakuta QRS ndogo ndogo za kawaida zinapita katikati ya fujo kwa umbali ule ule. Hizo ndizo shahidi.

Na hapo nina swali kwa #1: huyo mama alikuwa anatetemeka? Mtetemo wa Parkinson ni mara 4 mpaka 6 kwa sekunde, zidisha 60, unapata 240 mpaka 360. Msumeno wa flata kabisa, na moyo hauna habari.

#27 Kanula_Ishirini
Parkinson hapana. Baridi ya homa alikuwa nayo, alijifunika blanketi mbili.

#28 DaktariKivuli
Naona kesi ya flata inaanza kutoa jasho.

#29 Zamu_ya_Usiku
Mtetemo unaweza kutengeneza msumeno, hauwezi kutengeneza QRS 150. Na aliyeanza na mtetemo ni Fundi, mimi sijaona msumeno wowote, nimeona hesabu. Kanula, ulimshika mkono ukahesabu mapigo?

#30 Kanula_Ishirini
Nilihesabu dakika nzima, 148. Sawa na skrini.

#31 MamaWodi
Mwanangu una maisha mbele. Dakika nzima, si sekunde 15 ukazidisha.

Nikupe sababu. Nilimpokea baba mmoja, mkononi 84, nikaandika 84. Mwenzangu akaweka stetoskopu kifuani akahesabu 118. Mapigo 34 hayakuwa yanafika mkononi. Ilikuwa fibrilesheni ya atiria: chemba za juu zinatetemeka tu, hakuna P, mapigo ya chini hayana mpangilio wowote, pigo jingine linakuja kabla ventrikali haijajaa damu. Toka siku hiyo, mapigo yakiwa ya ovyo, watu wawili wakitazama saa ile ile, mmoja kifuani mmoja mkononi. Na msiishie kwenye kasi. Damu inayotuama kwenye atiria inaganda, bonge linakwenda kwenye ubongo. Ndiyo maana mnaona wanapewa dawa za kuzuia damu kuganda hata wanapojisikia wazima.

#32 Kuku_wa_Zamu
Hapo mtihani wetu uliuliza mgonjwa anayetumia digoksini, dawa ya kupunguza kasi ya moyo, ana mapigo 54 unafanya nini. Niliandika "nampa nusu". Nikapata nusu alama kwa huruma.

#33 MamaWodi
Huruma ilizidi. Chini ya 60 kwa mtu mzima, humpi dozi hiyo na unamwambia daktari. Na muulize kama anaona vitu vya njano au anatapika, na potasiamu yake ni ngapi. Ikiwa chini, digoksini inageuka sumu mapema.

#34 Bakora
Na atropini, ile ya kuharakisha moyo, ni miligramu 0.5 au 1? Nimefundishwa 0.5, wadogo zangu wanasema 1, tuligombana hadharani mbele ya mgonjwa.

#35 DaktariKivuli
Mwongozo wa Marekani ulibadilika 2020, toka 0.5 kwenda miligramu 1 kila mara. Ulaya wanaanza na mikrogramu 500. Kikomo wote ni 3. Fuata mwongozo uliobandikwa ukutani kwenu. Na kwenye bloku (amri za juu kukwama njiani) ya ngazi ya tatu usiitegemee sana, andaa kifaa cha kuongoza moyo kwa umeme kupitia ngozi.

#36 Chozi_la_Iodini
Bloku ndizo zinanimaliza. Mobitz hii na ile.

#37 Mjukuu_wa_Einthoven
Mobitz I ni mfanyakazi anayechelewa kila siku dakika kadhaa zaidi, mwisho siku moja haji kabisa, kesho anaanza upya mapema. PR, muda toka P mpaka QRS, inarefuka, inarefuka, QRS inadondoka. Mara nyingi haina ubaya, wanariadha wanayo usingizini. Mobitz II ni yule anayefika saa ile ile kila siku, halafu siku moja hayupo bila taarifa. Huyo ndiye wa kumwogopa, kwa sababu siku atakayoacha kuja moja kwa moja hutaijua. Ngazi ya tatu, atiria na ventrikali wameshaachana, kila mmoja na ratiba yake. Ngazi ya kwanza ni PR zaidi ya sekunde 0.20 tu, kila amri inafika, imechelewa basi.

#38 Kuku_wa_Zamu
Hii ya mfanyakazi nimeielewa kuliko semesta nzima.

#39 Bakora
Wewe ni Mobitz I kwenye vipindi.

#40 Pachika_Elektrodi
Mimi nina mapigo ya kurukaruka yale ya ventrikali, moja moja, hasa nikiwa sijalala. Si ndiyo mwanzo wa VT? Kwa nini wasinipe dawa ya kuyafuta?

#41 DaktariKivuli
Wasiwasi wako walishakuwa nao wakubwa. Miaka ya 80 waliwapa watu waliopata shambulio la moyo dawa za kufuta hayo mapigo, flekainidi na enkainidi. Karatasi zikawa safi kabisa. Mwaka 1989 utafiti uitwao CAST ukasimamisha dawa hizo, kwa sababu waliozipewa walikuwa wanakufa zaidi kuliko waliopewa kidonge kisicho na dawa ndani. Kama moyo wako kwa jumla ni mzima, moja moja huachwa. Ukizimia, ukibanwa kifua, au yakija kwa mfululizo, hapo kapimwe. Na ulale.

#42 Kanula_Ishirini
Wakuu nimerudi na habari. Leo nimemfuata nesi wa wodi aliyohamishiwa yule mama. Alfajiri mapigo yalishuka ghafla, nesi anasema aligeuka kumpa mgonjwa mwingine maji, kurudi anakuta 75. Adenosini hakupewa. Alikuwa amepata lita moja ya maji na dawa ya homa, joto 37.1. Yuko vizuri, anataka kurudi nyumbani.

#43 Bakora
GHAFLA. SVT hukatika ghafla. Nimemaliza, msinitafute.

#44 Zamu_ya_Usiku
75?? 300 gawa kwa 4! Nodi ya AV imeanza kupitisha moja kati ya manne. Flata bado ipo humo ndani inazunguka, na mnataka kumruhusu aende nyumbani!

#45 DaktariKivuli
Maji, dawa ya homa, joto limeshuka, mapigo yameshuka. Na "ghafla" ya mtu aliyegeuka si ghafla ya moyo. Angalau wote mmekubali maji yalisaidia.

#46 Zamu_ya_Usiku
Sijakubali.

#47 Mjukuu_wa_Einthoven
Kanula, suala dogo sana. Waliprinti karatasi mapigo yalipofika 75? Sekunde 10 tu, mistari 12. P moja kabla ya kila QRS au msumeno, tunafunga uzi sasa hivi.

#48 Kanula_Ishirini
Nimeuliza. Karatasi ya mashine iliisha usiku.

#49 MamaWodi
Basi leo leo mwambie daktari wa wodi ile, kabla hajasaini karatasi ya kuruhusiwa, apigwe ECG kwa mashine ya wodi nyingine. Nenda mwenyewe, usitume mtu.

#50 Kanula_Ishirini
Natoka sasa mama. Shukrani.

#51 Mgeni_Mpya
Samahani nimechelewa, sijasoma kurasa zote. Hivi nyekundu ni mkono wa kulia au mguu wa kushoto?